Neno Sawa

Hapo zamani, si zile za sungura na fisi bali zamani za juzi ambazo bado zinauma, walikuwapo watu watatu waliotunza programu moja. Kwa programu hiyo, zahanati za milimani ziliita gari la wagonjwa.

Mwanzoni kila badiliko la programu lilipelekwa kwa mkono, zahanati kwa zahanati. Nakijwa, mmoja wao, akachoka, akatengeneza mtambo. Mtu aliweka badiliko lake mtamboni. Msimamizi wao, Bi Nanzia, akiandika "sawa" kwenye kundi lao la simu, mtambo ulilipeleka kote papo hapo. Walifurahi mno, maskini!

Siku moja Senkondo, yule wa tatu, alibadilisha namba za madereva. Akaliweka badiliko mtamboni, kisha akaandika kundini: "Bosi, bado sijalijaribu. Naenda kula, nikirudi nitalijaribu."

Bi Nanzia, mtu wa adabu zake, akajibu: "Sawa."

Mtambo haujui adabu. Uliona sawa, ukapeleka.

Mchana uleule Namweta, mjamzito wa kule mlimani, akashikwa na uchungu wa kuzaa. Mkunga akaita gari. Wito ukaenda kwa namba isiyo na mtu. Akaita tena, na tena. Gari lilipopatikana, mtoto alikuwa ameshafariki. Tunasema majuto ni mjukuu. Nyumba ile ilimngoja mjukuu, yakaja majuto.

Wale watatu wakataka kwenda kuomba radhi. Mama yake Namweta akawajibu kwa simu: "Binti yangu hana nguvu za kusikiliza watu watatu. Aje mmoja, yule mwenye kosa."

Senkondo akasema, "Ni mimi. Nilitanguliza tumbo, nikaacha kazi mbichi mlangoni."

Nakijwa akasema, "Ni mimi. Kati ya maneno yote, nikachagua sawa! Sisi hata tukikanyagwa mguu tunasema sawa."

Bi Nanzia akasema, "Ni mimi. Nilijua neno lile ni ufunguo, nikalitoa kama salamu."

Wakabishana hadi wakalia. Mpaka leo hawajaenda. Kule mlimani kiti kimoja kimewekwa sebuleni, na Namweta anakitazama.

Haya, ninyi mnaonisikiliza, na asiniitikie mtu "sawa": je, nani anastahili kwenda kukalia kiti kile?