Gego la Nakijwa

"Mng'oa jino ni mmoja, washika kichwa ni wengi." Mmemsikia mwalimu mkuu akiitamka leo alipowaita wapishi wa mahafali mbele ya watu, nanyi mnataka kujua ilitoka wapi. Kaeni basi. Methali hii ilianzia kinywani mwa mwanamke mmoja wa hapa hapa Ighunde, enzi barabara ya gari ilikuwa haijatufikia huku juu milimani.

Aliitwa Nakijwa. Alikuwa mjane, mkulima wa tangawizi, mchapakazi kwelikweli, ila hakupenda kumwomba mtu kitu. Akiishiwa chumvi, alikula mboga chapwa. Paa likivuja, alipanda mwenyewe kuliziba. Na yeye na jirani yake Nambike walikuwa na mwaka wa tatu hawasalimiani, kwa ajili ya zamu ya maji ya mfereji. Kila mmoja aliapa kwamba mwenzake ndiye mwizi wa maji.

Basi gego lake la kushoto likatoboka. Nakijwa akasukutua maji ya chumvi, akabana karafuu, akatafuna mizizi aliyoelekezwa na aliyojitafutia. Likatulia, likarudi, likatulia tena.

Nesi Eliaichi wa zahanati akamwambia, "Dada Nakijwa, hili si la karafuu tena. Shuka hospitali ya wilaya ukang'olewe."

"Siku nzima kushuka, siku nzima kupanda," Nakijwa akajibu. "Shamba nimwachie nani?"

Wala hakuwa anasingizia. Wilaya nzima ilikuwa na mganga wa meno mmoja tu, naye huku kwetu alipanda mara moja kwa mwaka, mvua zikimruhusu. Wengi walikuwa wakiozewa na meno kinywani, wakazoea, wakadhani ndiyo maisha.

Masika ya mwaka ule yalikuwa makali. Mlima ukaporomoka, ukaikata njia. Siku zile zile shavu la Nakijwa likaanza kuvimba. Siku ya kwanza ungedhani amebugia kiazi. Siku ya tatu jicho lilikuwa limefumba, taya limekaza, na hata maji hayakupita kooni. Eliaichi akamchoma sindano zote alizokuwa nazo kabatini, lakini uvimbe ukazidi kuteremka shingoni.

"Ukifika kooni utamziba pumzi," Eliaichi akawaambia watu. "Na kumpitisha na machela kwenye yale maporomoko haiwezekani. Mganga ndiye aje."

Wanaume wawili wakashuka kwa kamba. Walimkuta mganga, Bwana Mrutu, katikati ya wagonjwa wake. Akawasikiliza, akamaliza aliyekuwa mbele yake, akafunga koleo na dawa za ganzi kwenye begi. Huko njiani kila kijiji kilimpokea begi, kikamsindikiza hadi kijiji cha pili. Siku iliyofuata, saa nane mchana, akaingia Ighunde, tope mpaka magotini.

Zahanati haikuwa na kiti cha meno. Wakatoa benchi nje penye mwanga, Eliaichi akashika kioo cha ukutani kurushia jua kinywani mwa mgonjwa. Mganga akachoma ganzi, akasubiri, akaligusa gego kwa chuma. Nakijwa akaruka.

"Penye usaha ganzi haishiki vizuri," mganga akasema. "Na kungoja hatuwezi. Akitikisa kichwa, jino litakatika, mzizi ubaki ndani. Nani atamshika?"

Watu wakatazamana. Kisha mtu mmoja akapenya katikati yao. Alikuwa Nambike.

"Nipisheni," akasema.

Nakijwa akataka kuinuka. "Wewe?" akauliza kwa taya lililokaza.

"Ndiyo, mimi. Ya mfereji tutayasema ukipona. Laza kichwa hapa."

Akakikumbatia kile kichwa kifuani, akaweka kidole gumba kuuzuia mdomo usifunge. Nakijwa akausikia moyo wa jirani yake unavyokwenda mbio. Kumbe naye anaogopa, akawaza, na mwili wake ukalegea.

Mganga akavuta. Gego likagoma. Akavuta tena, akilizungusha, na maumivu yalipomzidi Nakijwa akauma. Alikiuma kile kidole mpaka damu ikatoka. Nambike akatoa mlio mmoja tu, lakini kichwa hakukiachia. Ndipo gego likatoka zima, mizizi yote mitatu, na usaha ukafuata kama mfereji uliozibuliwa.

Baada ya muda wakampa maji. Yakapita. Nakijwa akanywa kikombe kizima polepole, akashindwa kuzuia machozi.

Mganga alikaa siku tatu. Alimwangalia Nakijwa asubuhi na jioni, akawatibu wengine meno, akawafundisha watoto kupiga mswaki. Siku ya kuondoka watu wakamletea jogoo na tangawizi, na mwenyekiti akamtaka Nakijwa atoe shukrani kwa niaba ya kijiji.

Nakijwa akasimama. "Bwana Mrutu, Mungu akuzidishie. Ningekuwa kaburini sasa." Kisha akamwendea Nambike, akaunyanyua ule mkono wenye bandeji mbele ya watu wote. "Lakini mng'oa jino ni mmoja, jamani. Washika kichwa ni wengi. Kuna walioshuka kwa kamba. Kuna aliyeshika kioo. Kuna waliobeba begi huko chini, hata majina yao siyajui. Mimi nilijiona sihitaji mtu. Dada yangu, ahsante. Na unisamehe."

"Nimekusamehe," Nambike akasema. "Ila mwakani akija tena, nitakushika miguu."

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, na Nakijwa akacheka nao, pengo wazi.

Tangu hapo, kila aliyemuuliza habari za jino lake alilazimika kuketi, maana Nakijwa aliwataja wote waliomsaidia, mmoja mmoja, asimruke hata mtu. Na wale waliokuwa na haraka wakajifunza kumkatiza kwa maneno yake mwenyewe, ndiyo hayo tunayoyasema mpaka leo: mng'oa jino ni mmoja, washika kichwa ni wengi.