Bawa la Siwema

Paukwa!

Pakawa!

Mbona wa nyuma mmeitika kama mnaota? Haya, oteni tu. Ngano hii haimkatazi mtu kuota, mradi masikio yabaki macho. Paukwa tena!

Pakawa!

Hapo kale, mawingu yaliposhuka kunywa maji pamoja na wanyama, palikuwa na ziwa la chumvi. Ziwa jeupe. Ziwa kimya. Asubuhi ukungu ulilifunika, na ndani ya ukungu walisimama heroe, wale ndege wa rangi ya waridi, miguu mirefu, shingo ndefu. Ukiwatazama kwa mbali ungesema alfajiri imesahau kuondoka.

Miongoni mwao alikuwako Siwema, na mumewe Makame, na kifaranga wao Tunu. Tunu alikuwa bado wa kijivu, laini kama pamba. Kuruka hajui.

Mwaka ule mvua haikuja. Jua likawaka. Ziwa likarudi nyuma, likarudi nyuma, na mwani, ambao ndio chakula cha heroe, ukakauka ukawa ganda. Mwani ukabaki katika ziwa la pili tu, ng'ambo ya mlima.

Makame akasema, "Tupokezane, mama Tunu. Leo uende wewe, kesho niende mimi."

"Wewe kaa na mtoto," akajibu Siwema. "Bawa lako zito. Ukienda wewe, Tunu atalala njaa."

Lilimuuma Makame neno lile, lakini akakaa na mtoto.

Siwema akaruka. Pu pu pu pu! Akavuka mlima, akala akashiba, akarudi, akamlisha Tunu mdomo kwa mdomo. Kesho yake tena, pu pu pu pu! Kesho kutwa tena, pu pu pu pu! Hakupumzika.

Bawa lake la kulia likaanza kusema naye. Kwanza likawa zito, kama limenyeshewa. Kisha likawa linatetemeka lenyewe, hata akiwa amesimama. Kisha begani pakaingia moto.

"Bawa linatetemeka," akasema Makame.

"Ni upepo."

"Leo hakuna upepo, mke wangu."

Siwema akageuza uso, akaruka.

Juu ya mlima, kwenye jiwe, alikaa Kunguru aitwaye Mabruki. Mdomoni ameshika tunda jekundu.

"Dada Siwema, pole kwa safari."

"Ahsante, nimeshapoa."

"Hujapoa. Nakuona unavyoruka upande. Kula hili, linatia nguvu. Nilimpa Digidigi, akakimbia mpaka akasahau anakwenda wapi."

"Kisha akafika?"

Mabruki akacheka, kra kra kra. "Kula, dada."

Siwema akala. Lo! Moto ukazimika. Uzito ukayeyuka. Hakuona tena kama ana bawa. Mlima chini yake ukawa bluu kama maji, mawingu yakawa kama kitanda, na yeye akaelea, akaelea, kama mtu anayeota kwamba anaota. Siku ile akaenda ng'ambo na kurudi, akaenda tena. Alipochoka, hakujua kwamba amechoka.

Mara, kwachu!

Aliisikia sauti ile kama imetoka nyumba ya jirani. Hakuumia. Aliona tu bawa linaning'inia, na ardhi inamjia polepole. Puu!

Akaanguka kwenye uwanda wa chumvi, si mbali na ziwa la nyumbani. Akainua shingo. Mabruki alikuwa amekwisha tua kando yake.

"Mabruki, nisaidie."

"Nangoja."

"Unangoja nini?"

Mabruki akaruka hatua moja karibu. Akaruka nyingine. Akalitazama jicho la Siwema namna unavyotazama sahani ya chakula.

Ndipo zikasikika kwato. Kwa! Kwa! Kwa! Akatokea Bi Mize, Punda Milia, anachechemea mguu wa nyuma. Akampiga Kunguru teke la hewa, Kunguru akakimbia. Bi Mize akamwongoza Siwema mpaka kwenye chemchemi ndogo, penye matete na mwani kidogo.

Siwema akalia. "Hata siumwi, Bi Mize. Kwa nini nimeanguka?"

"Umeanguka kwa sababu huumwi," akasema Bi Mize. "Mwanangu, mwilini mna mishipa ya fahamu. Kazi yake kupeleka habari, kama mjumbe. Msuli ukichoka, mshipa unakuja kukwambia. Ukizidi kuchoka, unapiga kelele. Tunda lile halikukupa nguvu hata chembe. Limemziba mjumbe mdomo, nawe ukaendelea mpaka msuli umechanika. Mimi mguu huu niliuharibu hivyo hivyo."

Makame akaja, akamkuta mkewe amelala kwenye matete. Hakusema, "Nilikwambia." Alikaa, akaweka shingo yake juu ya shingo ya mkewe.

"Tunu atakula nini?" akauliza Siwema.

"Nitaruka mimi. Nitachelewa, lakini nitafika."

Bawa likakaa kimya, likafa ganzi. Siwema akala mwani, akalala. Akala, akalala. Bi Mize akamwonyesha udongo wa chumvichumvi, Siwema akalamba kidogo, na mikazo ya misuli iliyomsumbua usiku ikapungua. Siku moja bawa likawasha, kama siafu wanapita ndani.

"Linaniwasha, Bi Mize!"

"Mshukuru Mungu. Mjumbe ameamka."

Wakaanza kulinyoosha. Nyoosha, kunja, pumzika. Likiuma, anaacha.

Lakini ziwa la nyumbani likakauka kabisa. Tunu alikuwa ameshajua kuruka, na heroe wote wakakubaliana kuhamia ziwa la ng'ambo. Asubuhi ile anga ikajaa waridi. Tunu akashuka chemchemini na baba yake. "Mama, twende!"

Hapo Mabruki akatua na tunda lake. "Kula moja tu, dada. Utaruka na mwanao."

Siwema akalitazama tunda. Akamtazama Tunu. Mabawa ya wenzake yanavuma juu, vuuu, vuuu, yanapungua. Jamani, mngekuwa ninyi mngefanyaje?

"Niondolee," akasema. "Baba Tunu, mchukue mtoto."

Wakaenda. Siwema akabaki anatazama mpaka anga ikawa nyeupe tupu. Alilia sana.

Majani yakaota, yakanyauka, yakaota tena. Ndipo siku moja akamuaga Bi Mize, akaruka. Pu... pu... pu. Bawa likisema, anatua. Likinyamaza kwa raha, anaruka. Akavuka mlima taratibu, akaona maji yanang'aa.

Heroe mmoja kijana, waridi mtupu, akaja mbio. Siwema hakumjua mpaka aliposema.

"Mama! Umechelewa."

"Nimechelewa, mwanangu."

Makame akaja nyuma, akasogea kando majini, akamwachia nafasi ya kusimama. Siku ile alikwenda Makame kutafuta chakula. Siwema akalala.

Basi wanangu, na ninyi wakubwa pia, sikieni: mwili ukisema umechoka, upumzishe, na mwenzako akitaka kukupokea, mpe zamu yake. Na anayekupa kitu cha kukuzuia usisikie maumivu, muulize kwanza yeye anakula nini.

Hadithi yangu imetua hapa. Anayesinzia na asinzie.