Taa za Kumfuata Mama Gulioni

Akina mama, sogeeni mbele! Nyie wa mlangoni mmekaa kama mnataka kutoroka. Haya. Nina bwana mmoja. Jina simtaji, maana nikimtaja mtaniacha hapa mwende kumchungulia. Ha!

Huyo bwana ana gari kuukuu. Yani lile gari, ukifunga mlango huu, ule wa pili unafunguka. Lakini linatembea. Ugonjwa wake ulikuwa taa. Zimefifia, zina rangi ya chai ya maziwa iliyopoa. Ukiziwasha, mpaka ushuke uangalie kama kweli zimewaka.

Na mke wake anauza nyanya gulioni, ng'ambo ya mlima. Kila jua likizama, mama wa watu anarudi kwa miguu pembeni ya lami, beseni kichwani, malori yanampita hapa, yani hapa, mpaka khanga inapepea. Yule bwana kutulia nyumbani hawezi. Anakaa, anasimama. Anatoka nje, anarudi. Pikipiki ikilia barabarani, moyo paa! "Si yeye huyo kagongwa?" Mnaijua hiyo hali? Mtu wako hajarudi, giza linaingia, hata mbwa akibweka unaona ni habari mbaya. Na gari lipo uani! Ila kwa taa zile, atamfuataje?

Siku hiyo akasema basi. Akaenda kwa fundi. "Fundi, nitolee hizi balbu, niwekee za LED, zile nyeupe. Mke wangu atakuja kufa barabarani."

Fundi akachomoa za zamani, akachomeka mpya, zikaingia. Akawasha. We! Pale gereji kukawa mchana. Kuku wa jirani walishaanza kulala, wakashuka mtini wakidhani kumekucha!

Fundi akamwambia, "Mzee wangu, ngoja kwanza. Vikombe vya taa zako, hivi vinavyoelekeza mwanga, vilitengenezewa balbu za zamani. Hizi zinaweza kurusha mwanga hovyo. Tuliegeshe mbele ya ukuta tuone unaangukia wapi."

"Ukuta wa nini? Mimi si naona? Hata sisimizi namwona! Jua linazama na mama hajafika." Akapanda, akaondoka.

Kafika lamini. Gari la kwanza linakuja, likamwashia taa, pa-pa! Jamani, barabara zetu mnazijua. Dereva akikuwashia hivyo anakwambia nini? Eeeh! Trafiki yuko mbele! Na bima ya yule bwana ilishakufa zamani. Akakanyaga breki, akafunga mkanda, mikono yote miwili kwenye usukani kama mtoto siku ya kwanza ya shule. Jasho! Akaangalia kushoto, kulia, trafiki hayupo. Gari lingine, pa-pa! "Mungu wangu, wamejificha kwenye kona." Kona ikapita, hakuna mtu. Likaja lori, likawasha, likapiga na honi, utingo katoa kichwa nje anafoka, maneno yote yakachukuliwa na upepo. Bwana akajisemea, "Watu wema hawa. Leo trafiki wamejaa."

Akakaza macho zaidi. Kila jani la barabarani analiona. Trafiki tu ndiye hamwoni. Na mke, je? Angemwona wapi, macho yote yanatafuta sare nyeupe?

Kwenye mteremko ikaja bodaboda ina abiria. Ikayumba, ikapita pembeni, ikapotea. Yeye hata hakugeuka.

Akafika gulioni. Meza ya mke wake imeshafunikwa turubai. Mwenzie wa meza ya pili akamwambia, "Ee shemeji, mmepishana! Kasema leo hatembei, amechoka kukutia wasiwasi. Kapanda bodaboda."

Akina mama, hapo ndipo akakumbuka. Mteremkoni pale kulikuwa na bodaboda. Iliyumba. Iliyumba ikaenda wapi?

Akageuza gari. Bima kasahau, trafiki kasahau, sala yenyewe haimalizi. Akafika mteremkoni, watu wamesimama. Nyanya zimetapakaa lamini, usijue nyanya ni ipi na damu ni ipi. Kijana wa bodaboda kakaa chini, goti limechanika. Na mke wake yuko mtaroni, mkono mmoja kaufunga na khanga, hausogei.

Akaruka kutoka garini, injini inaunguruma, taa zinawaka. "Mke wangu! Nani kakufanyia hivi?"

"Gari limetupiga taa za macho. Hatukuona barabara, hatukuona mtaro. Wala halikusimama."

"Gari gani? Niambie lilivyo, nilifukuze sasa hivi! Halijafika mbali!"

Yule mama akainua mkono wake mzima, akajiziba macho. "Zima kwanza taa zako, baba. Hata wewe sikuoni."

Watu wote wakageuka, wakaliangalia gari.

Mbona hamcheki tena?

Yule bwana hakuwa mbaya, jamani. Kilichomtoa nyumbani ni mapenzi. Ila hakusimama hata kidogo mbele ya gari lake. Alikaa nyuma ya usukani, na ukikaa nyuma ya usukani taa yako ni nzuri siku zote!

Na sisi? Tumeokoka, neno tunalijua, tunalijua sana! Binti wa watu kateleza, kapata mimba, tunamwashia maneno ya Mungu machoni, mbele ya mama yake, mbele ya kwaya nzima. Maneno ni ya kweli, sibishi. Lakini yeye anaona nini? Njia haioni. Anakuona wewe tu unavyowaka. Halafu haonekani kanisani, tunaulizana, "Hivi kapotelea wapi yule?" Yuko mtaroni, mama. Tulimpita.

Na kuonywa tunaonywa! Mume kanyamaza mezani, pa-pa! Mtoto siku hizi siri zake anampelekea shangazi, pa-pa! Jirani akikuona anavuka upande wa pili, pa-pa! Sisi tunafanyaje? Tunatafuta trafiki! "Ah, shetani ananipiga vita, shetani yuko mbele." Shetani gani? Umepita kona zote, umemwona? Ni taa zako, mama. Wanakwambia ushushe taa zako.

Leo ukifika nyumbani, kabla hujafungua mdomo, zunguka usimame mbele ya gari lako. Mshike mmoja unayempenda, umwulize, "Nikiongea na wewe, unaniona?" Akijiziba macho, usianze kufukuza magari ya watu.

Zima kwanza.