Kwa Nini Sanamu ya Bwawani Ina Mgongo Mweusi

Hapo kale mabwawa hayakuwa na sanamu. Katika kijiji hiki cha wafinyanzi hayakuwa hata mabwawa, yalikuwa mashimo tu ya kuchimba udongo wa vyungu, mvua ikayajaza. Hakuna aliyeyafukia, kwa sababu kiangazi udongo ungehitajika tena.

Nakiete alikuwa mfinyanzi, na shimo lake lilikuwa nyuma ya nyumba. Siku moja alikuwa akilainisha midomo ya vyungu, kazi isiyongoja maana udongo hukauka. Binti yake Namkunda, wa miaka minne, akaenda kutazama vyura. Nakiete alipomaliza chungu cha mwisho, mtoto alikuwa ameshazama.

Baada ya maziko alichota udongo wa shimo lile lile, akafinyanga mtoto wa kimo cha Namkunda, mkono mmoja juu, akamsimamisha ukingoni akitazama njia. Watoto wa majirani walipomwona walidhani wanakatazwa, wakarudi.

Lakini hakumchoma.

"We Nakiete, umefinyanga tangu usichana," alisema jirani yake, Bibi Nangasu. "Udongo mbichi na mvua, wapi na wapi?"

"Vyungu nitachoma, bibi. Mtoto wangu simtii motoni."

Masika yakaja. Sanamu ikapoteza vidole, kisha uso, mwisho ikateremka yote majini. Akafinyanga nyingine, vuli ikaila. Wiki hiyo hiyo mjukuu wa Bibi Nangasu akatumbukia shimoni. Walimvuta kwa nywele, akitapika matope, mzima.

Bibi Nangasu hakugomba. "Mwanangu, huyu wa tatu mchome. Wako harudi. Wangu bado wapo."

Nakiete akamfinyanga wa tatu, akamkausha, akampanga katikati ya vyungu na kuwasha nyasi mwenyewe. Moto ulipopanda hakuweza kuvumilia. Akamchomoa kabla ya wakati, akamkumbatia na joto lake lote. Mgongo, uliokuwa haujaiva vizuri, ukabaki mweusi wa moshi. Kifua cha Nakiete kikabaki na makovu hadi alipokufa. Sanamu ile ilihimili mvua.

Tokea hapo, achimbaye bwawa hapa kwetu husimamisha sanamu kwanza, ndipo huyaruhusu maji. Mjini wanaweka vyura na ndege wa saruji, wanasema ni pambo la bustani. Sisi tunamweka mtoto, mkono juu, mgongo mweusi. Na watoto wetu wakimfikia humwambia, "Dada, tumekuona," halafu wanageuka kurudi nyumbani.