Mitungi ya Bi Fuko na Kasuku wa Msufini

Paukwa!

Pakawa!

Sauti gani hiyo? Mmekula au mmeonja? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa nimewasikia. Watoto sogeeni mbele, wakubwa kaeni pembeni msiwazibe. Shangazi yenu Mwajabu ameniganda na swali tangu alasiri. Mnajua anasuka mikeka. Ameambiwa aipige picha aitangaze mtandaoni, watu wa mbali waione. Mumewe anasema huko ni kwa umbea tu. Shangazi anataka kujua kunafaa au hakufai, na mimi swali la namna hiyo siwezi kulijibu bila Bi Fuko.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wanasalimiana kwanza ndipo wanauziana, alikuwako Bi Fuko. Bi Fuko alikuwa mfinyanzi. Anachimba, anachimba, anachimba, mpaka anafika kwenye udongo mwekundu wa chini kabisa, ule ambao jua halijawahi kuugusa. Anauponda. Anaufinyanga. Anauanika kivulini. Anauchoma kwa moto wa taratibu. Ukitoka hapo ni mtungi. Tia maji asubuhi, mchana ukiyanywa meno yanakuuma kwa baridi.

Na huku anafinyanga, anaimba:

Finya, finya, udongo wa chini,
kiu iko juu, maji yako ndani.

Lakini nani anamsikia? Bi Fuko anakaa chini ya ardhi. Mlango wake ni tundu, na tundu lenyewe liko nyuma ya kichuguu. Mnyama anapita juu ya paa lake, tip, tip, tip, kiu imemkaba, anakwenda zake mtoni kunywa tope. Chini mitungi imejaa mpaka pa kulala hapana. Mteja hakuna.

Mwaka huo jua lilikuwa kali. Viazi vilinyauka ardhini. Bi Fuko alikuwa na watoto wawili, Chimbi na Tifu, na hakuwa na cha kuwapa. Ikabidi awapeleke ng'ambo ya mto, kwa shangazi yao. Walipofika, Tifu, yule mdogo, akamshika mkono hataki kumwachia. Akauliza, "Mama, utatufuata lini?"

Bi Fuko akasema, "Mitungi ikipata wenyewe."

Akarudi peke yake. Nyumba ikawa kubwa, kimya. Bi Fuko akakaa katikati ya mitungi yake akalia. Alilia sana, na wewe unayecheka huko nyuma, subiri uwe na wako.

Sasa, katikati ya msitu ule palikuwa na msufi mrefu, na juu ya msufi waliishi kasuku. Kundi zima. Ukisema neno chini ya ule mti, wakilipenda wanalichukua, prrrr, wanaruka nalo, wanalisema mtoni, wanalisema mlimani, wanalisema mbugani. Hawakutozi kitu. Wasipolipenda, hata upige magoti, wanajikuna tu. Basi wanyama walishinda pale. Huyu anatangaza harusi, yule anamsema jirani yake, mwingine kaja kusifia pembe zake mwenyewe. Kelele tupu. Kwe, kwe, kwe, kwe.

Bi Fuko akamuuliza jirani yake Kobe, "Kaka Kobe, nikienda msufini kutangaza mitungi, itafaa?"

"Msufini? Pale kuna wambea tu, Bi Fuko. Mimi sijawahi kukanyaga pale, na sijapungukiwa na kitu."

"Wewe nyumba unatembea nayo mgongoni, na huna unachouza."

Kobe akaingiza kichwa ndani. Ndivyo anavyomaliza mazungumzo yule.

Bi Fuko akaenda. Akasimama chini ya msufi, jua linamchoma macho, akasema kwa sauti yake ndogo, "Mimi ni Fuko. Nauza mitungi ya maji. Karibuni nyuma ya kichuguu."

Kasuku wakamtazama. Mmoja akapiga miayo. Mwingine akajikuna. Basi.

Bi Fuko akageuka aondoke. Hapo akashuka Kima kutoka tawini, chapu, akamziba njia.

"Dada, sivyo hivyo. Hapa hapataki useme. Hapa panataka uvume. Unamjua Fisi?"

"Nani asiyemjua."

"Mimi ndiye niliyemvumisha. Kile kicheko chake mimi ndiye niliyekileta hapa."

"Na Fisi ameuza nini?"

Kima akajikuna shingo. "Anajulikana," akasema.

Hapo nyinyi mngeshtuka, najua. Bi Fuko hakushtuka. Alikuwa anamuwaza Tifu na ule mkono. Kima akataka karanga kwa kazi yake, na Bi Fuko akampa karanga za mbegu, zote alizobakiza ghalani. Kima akatia shavuni, akapanda tawi la kati, akapaza:

"Mtungi wa Bi Fuko haupasuki! Hata tembo akiukanyaga, haupasuki!"

Bi Fuko akamvuta mkia. "Kima, unapasuka. Ni udongo."

"Nyamaza, dada. Nani atakwenda kuujaribu?"

Kasuku walikuwa wameshapandwa na wazimu. Haupasuki! Haupasuki! Prrrr, wakatawanyika. Mtoni, haupasuki. Mlimani, haupasuki. Bi Fuko akarudi nyumbani, ule uongo unamkera, lakini na furaha kidogo imo.

Asubuhi yake nyumba ikatikisika. Ndi. Ndi. Ndi. Udongo ukamwagika kutoka darini. Bi Fuko akatoa pua nje, akakuta msitu mzima umesimama pale. Mbele yao wote, Tembo.

"Hodi, Bi Fuko," Tembo akasema.

"Karibu, Mama Tembo."

"Nimeusikia huo mtungi. Sisi nyumbani kwetu vyombo havidumu, tunakanyaga. Naomba niujaribu, ukiniridhisha niuchukue."

Bi Fuko angeweza kusema hapana. Lakini aliwawaza watoto. Akamtafuta Kima, akamsikia juu ya mti, anatafuna, karr, karr. Mtungi ukaletwa. Tembo akaweka mguu, polepole, kwa adabu zake zote.

Kwachaa!

Mtungi ukawa vigae.

Halafu Fisi akacheka, na mnajua Fisi akianza. Wote wakacheka. Na kasuku, wale kasuku walikuwa wamejipanga juu wakingoja kitu kitamu, na hiki kilikuwa kitamu. Kwachaa! Kwachaa! Wakaruka nayo. Mtoni, kwachaa. Mlimani, kwachaa. Mpaka ng'ambo ya mto, ambako Chimbi aliacha kula akamuuliza shangazi yake, "Kwani mama amevunja nini?"

Kobe akaja jioni. Alikuja kusema neno moja tu, "Si nilikwambia," kisha akaondoka zake ameridhika. Wapo watu hulingoja neno hilo mwaka mzima.

Bi Fuko akaziba tundu lake kwa udongo. Akakaa gizani. Juu, kasuku hawajachoka: kwachaa. Akaziba masikio. Kwachaa. Akajifunika. Kwachaa. Mwisho akazibua masikio, akakaa akasikiliza.

Sasa hapa nisikilizeni na nyinyi. Mtungi haununuliwi kwa macho. Muulizeni bibi yenu. Unaugonga kwa kidole, unatega sikio. Mzima unaimba. Wenye ufa unakohoa. Na Bi Fuko, ambaye macho yake hayafiki hata hapo mlangoni, maisha yake yote ni masikio. Akaisikiliza ile kwachaa ya kasuku. Akasikia tumbo la mtungi lilivyo nene. Akasikia shingo ilivyo nyembamba. Akasikia hata ule moto wa taratibu.

"Huu ni mtungi wangu hasa," akasema. "Kumbe hawa hawabebi maneno tu. Wanabeba sauti yenyewe. Kama wameweza kuubeba ukivunjika, watashindwaje kuubeba ukiwa mzima?"

Akazibua tundu. Akachagua mtungi mmoja, akaujaza maji, akaubeba mgongoni. Akaenda msufini mchana kweupe, wote wakimwona. Fisi akaanza kucheka akiwa bado mbali.

Kima akashuka. "Dada, leo tuseme mtungi unaruka."

"Kima, kaa chini."

Kima akakaa. Bi Fuko akautua mtungi, akasema, "Mlisikia mtungi wangu haupasuki. Si kweli. Ukikanyagwa unapasuka, ukiangushwa unapasuka. Niliuacha uongo upite kwa sababu sina cha kuwalisha watoto wangu. Leo sisemi tena. Sikilizeni wenyewe."

Akainamisha mtungi, akamimina maji yote kwenye kibuyu alichokuja nacho. Bubu, bubu, bubu, bubu. Halafu akaunyanyua ule mtungi mtupu, akaugonga kwa ukucha.

Ngiiiii.

Kasuku wakanyamaza. Msufi ule haujawahi kunyamaza tangu uote. Fisi mdomo wazi, kicheko kimepotea njiani. Kisha kasuku mmoja, tawi la mwisho kule, akajaribu taratibu: ngiii. Wa pili: ngiiiii. Wa tatu: bubu, bubu, bubu. Prrrr, wakapaa.

Kule mlimani Paa alikuwa amelala, ulimi nje. Akasikia. Akasimamisha masikio. "Huo mtungi mzima," akasema. "Na una maji. Uko wapi?"

"Nyuma ya kichuguu," kasuku wakasema. "Nyuma ya kichuguu, kwa Bi Fuko."

Akaja Paa. Akaja Nungunungu. Akaja Ngiri na mkewe. Hakuna aliyechukua mtungi kwa kusikia tu. Kila mmoja alitaka kugonga mwenyewe, na aligonga, na aliinamisha kichwa akasikiliza, na alicheka kwa furaha. Paa akaleta viazi vya mlimani. Nungunungu akaleta mihogo. Bi Fuko akawa hana pa kuweka, kwa mara ya kwanza si kwa sababu ya mitungi.

Na Tembo akarudi. Ndi, ndi, ndi. Bi Fuko alitamani ardhi immeze, ingawa ilikuwa imeshammeza.

"Bi Fuko," Tembo akasema, "mimi wa kukanyaga sina haja nao. Wanangu wana kiu. Nipe ule mkubwa, nitauweka mbali na miguu yetu."

Msidhani mambo yalikuwa mteremko. Siku si nyingi Ngiri akaenda msufini akapaza, "Mtungi wa Fuko unavuja!" Kasuku wakaupokea uhondo. Unavuja! Unavuja! Kobe akatoa kichwa, akatabasamu, akakirudisha. Bi Fuko safari hii hakuziba tundu. Alikwenda palepale msufini, mbele ya wote, akasema, "Ngiri, ulete niuone. Kosa likiwa langu, utapata mwingine."

Ngiri akauleta. Bi Fuko akaupapasa, akapata kijiwe kidogo kwenye kitako. "Udongo huu sikuuchambua vizuri," akasema. "Kosa langu. Chagua mwingine." Ngiri akaona haya. Akachukua, akarudi msufini bila kutumwa, akasema, "Nimepewa mwingine." Na hilo nalo kasuku walilibeba. Wanyama wa mbugani, ambao walikuwa bado wanasitasita, siku hiyo ndipo walipokuja.

Basi ghala likajaa. Kasuku wakaja wenyewe mlangoni, wanarukaruka juu ya kichuguu. Wakasema, "Bi Fuko, tukuitie watoto? Tukiruka sasa hivi watakuwa wameshasikia kabla hujamaliza kusonga ugali."

Bi Fuko akafikiri. Akafuta udongo mikononi.

"Asanteni," akasema. "Mitungi nawaachia nyinyi. Watoto nawafuata mwenyewe."

Akafunga viazi mgongoni. Akavuka mto kwa gogo, kwato za wengine zinampita, hakuna aliyemjua njia nzima, hakujali. Akafika kwa wifi yake, akaingia ardhini, akatambaa gizani. Tifu alikuwa anakula. Akasikia zile hatua kwenye udongo, tif, tif, tif. Akatupa kiazi. Hakuuliza ni nani.

Sasa, Shangazi Mwajabu, na wewe shemeji unayejifanya umelala. Fundisho ni hili. Mtandao unafaa kwa biashara, tena unafaa sana, maana unamfikia mtu ambaye miguu yako haimfikii. Lakini unabeba kile unachoupa. Upe uongo, utaufikisha uongo mlangoni kwako ukiwa na miguu ya tembo. Upe kazi yako ilivyo, na anayelalamika mjibu kwa heshima, mbele za watu. Wateja waite huko. Wako wa nyumbani, wafuate mwenyewe.

Hadithi yangu imeishia hapo, chini ya ardhi ng'ambo ya mto, mama kakumbatia watoto na hakuna kasuku aliyeambiwa.