Mpishi Hajala

Usisifu chungu, mpishi hajala. Neno hili mmelisikia sasa hivi, Mamina alipolamba vidole akisema dalma ya leo haina mfano, na shangazi yenu akamjibu hivyo. Mkacheka. Si neno la kuchekwa. Kaeni niwape kisa chake.

Huku kwetu Odisha, katika kijiji cha wakulima wa mpunga, palikuwa na nyumba ya mzee Banamali. Sukanti alikuwa mkaza mwana wake. Mumewe alikuwa mbali akifanya kazi kiwandani, naye akaachiwa mtoto mchanga na jiko la watu wote. Jiko hilo lilikuwa na sheria zake. Chakula hakionjwi mpaka kitolewe sadaka kwa Mungu. Kisha hula wageni na wanaume, halafu watoto, halafu mama mkwe. Mkaza mwana hula mwisho, akila kilichobaki.

Na palikuwa na ada nyingine, ada iliyojifanya ukarimu: mgeni akisifu chakula, sharti aongezwe. Asipoongezwa ni aibu ya ukoo mzima. Haya, niambieni, sifa hizo zililipwa kwa tumbo la nani?

Msimu ule wageni hawakukatika. Sukanti alipika dengu kwa boga, ndizi mbichi na papai bichi, akaziunga kwa samli na bizari, ndiyo hiyo dalma. Akapakua, akarudi jikoni kutega sikio. Kila aliposikia "Aa, tamu!" alijua upawa mwingine umemtoka. Jioni alibaki na chungu cha wali uliolazwa majini, nao wali wenyewe umeshaopolewa. Alikunywa yale maji machachu, akamweka mtoto kifuani. Mtoto alinyonya, akaachia, akalia.

"Mama, maziwa yananikauka," alimwambia mama mkwe wake, Hemalata.

"Mimi nami niliolewa humu humu," Hemalata akamjibu. "Nilikunywa maji ya wali, na wanangu wakakua. Tumbo lako wewe ni la dhahabu?"

Moyo ulimchemka Sukanti. Kwani dhuluma ikizeeka inageuka haki?

Siku moja akaja Dibakar, kaka mkubwa wa Banamali, mtu mpole asiye na neno. Akasifu dalma, akaongezwa. Akasifu tena, akaongezwa tena. Jikoni mtoto alikuwa akilia mpaka sauti imemkauka. Dibakar akasifu mara ya tatu, kwa adabu tu, maana alikwisha shiba.

"Leteni dalma huku!" Banamali akaita.

Sukanti alivuta sari akajifunika kichwa, kama ipasavyo mbele ya wakwe. Upawa hakuugusa. Alimpakata mtoto kwa mkono mmoja, akabeba chungu kwa mkono wa pili, akakiweka mbele yao na kukiinamisha. Ndani mlikuwa na ganda la boga tu.

"Baba mkubwa," akasema, "usisifu chungu, mpishi hajala. Uliposifu mara ya kwanza, uliongezwa changu. Mara ya pili, uliongezwa cha huyu anayelia. Sasa hamna tena."

"Adabu yako iko wapi?" Banamali akafoka.

"Adabu nimewapakulia yote, baba, pamoja na wali."

Dibakar akaondoa mkono sahanini. Uso ulimshuka. "Banamali, huyu binti jana alikula nini?"

Banamali hakujua. Miaka yote hiyo hakuwahi kujua! Akamtazama mkewe, aliyesimama mlangoni, ajibu. Hemalata akafungua kinywa kumkaripia Sukanti, karipio likakataa kutoka. Akamgeukia mumewe.

"Maji ya wali," akasema. "Na mimi, kabla yake, nilikula nini? Uliwahi kuniuliza?"

Hemalata akaingia jikoni mwenyewe, akabandika chungu kipya, na jioni ile Sukanti alikula kwanza. Tangu hapo Dibakar, akifika nyumba yoyote, alisimama kwanza kwenye mlango wa jiko akauliza kama mpishi amekula. Wengine walimcheka, kama mlivyocheka nyinyi.

Basi, Mamina, acha kulamba vidole. Mtazame shangazi yako pale, sahani yake bado kavu. Wataka kumshukuru? Nenda kampakulie. Usisifu chungu, mpishi hajala.