Kijibwa Aliyefundishwa Harufu ya Fungo

"Mmekaa?"
"Tumekaa."
"Masikio?"
"Tumekuja nayo."
"Basi yashikeni, yasikimbie."

Jumatatu, saa moja asubuhi, Fisi alimwiba kijibwa nyumbani kwa Mama Mghoi. Hakumla. Alikuwa na kazi naye.

Kazi ilikuwa Fungo. Fungo ni mdogo, ni mwizi wa kuku, na akifukuzwa hupanda mti. Fisi hapandi. Alitaka mbwa wa kunusa nyayo, kuufikia mti, na kubweka chini yake mpaka Fungo achoke na kushuka.

"Niite Mwalimu," alisema Fisi. "Ijumaa tunawinda. Ukimpata Fungo, namla Fungo. Usipompata, nakula wewe."

"Sawa, Mwalimu."

Fisi alikuwa na kipande cha ngozi ya fungo. Alikiburuta nyasini, kwaruu, kwaruu, akakitundika mkwajuni pamoja na paja la mbuzi. Kijibwa akanusa, nf, nf, nf. Akafika, akabweka: bwe, bwe, bwe.

"Umefaulu. Paja ni lako. Ngoja nilionje, lisije likawa na sumu."

Nyam, nyam, kimya.

"Halina sumu," alisema Fisi.

Jumanne, kwaruu, kwaruu. Nf, nf, nf. Bwe, bwe, bwe. Ubavu ukaonjwa, haukuwa na sumu. Jumatano maini yakaonjwa. Nayo hayakuwa na sumu. Fisi akalala palepale chini ya mti.

Fungo alikuwa ameyatazama yote akiwa juu ya mti wa pili. Akashuka.

"Mwanangu, umekula?"

"Nimeonjewa, shangazi."

"Siku ngapi?"

"Tatu."

Fungo aliingia pangoni kwa Fisi, akachota nyasi anazolalia, akaziburuta, kwaruu, kwaruu, hadi kwenye kichuguu. Juu ya kichuguu akaweka paja la kuku. Kijibwa akanusa, nf, nf, nf. Akafika, bwe, bwe, bwe.

"Haya, kula."

"Huonji?"

"Mimi nimekula kwangu."

Alhamisi walirudia mara nne, kila Fisi aliposinzia. Kuku walikuwa wa Mama Mghoi. Hilo halina ubishi.

Ijumaa asubuhi Fisi alimwekea kijibwa ngozi puani. "Nusa. Nenda."

Kijibwa alinusa. Harufu ile haikuwahi kumpa hata mfupa. Akanusa upepo, akapata harufu yenye paja. Akaifuata hatua mbili, akafika miguuni pa Fisi. Bwe, bwe, bwe.

"Si mimi, mjinga wewe. Fungo."

Bwe, bwe, bwe.

Fisi akaenda kushoto, kijibwa kushoto. Fisi akaenda kulia, kijibwa kulia. Fisi akakimbilia pangoni. Kijibwa akakaa mlangoni, akabweka kama alivyofundishwa, bila kuchoka.

Kijijini, Mama Mghoi aliinua kichwa. "Huyo ni wetu," aliwaambia majirani. "Na hapo anapobweka ndipo mbuzi wetu wanapoishia."

Walikwenda na marungu. Fisi alitoka mbio, po, po, po mgongoni. Alivuka mto saa nne. Hajarudi.

Pale pangoni Mama Mghoi aliokota ile ngozi. "Kumbe amefunzwa fungo," alisema. "Basi atalinda banda la kuku."

"Sasa funzo, jamani. Mtiini mwalimu wenu, na msipokee chakula kwa msiyemjua. Mzigo wa ngano nimeutua."
"Nasi tumeupokea."

Jumapili, saa tisa alasiri, Fungo alipita mbele ya pua ya mbwa, akaingia bandani. Kuku watatu hawakuonekana tena. Mbwa alikuwa macho.